Wakwe Wasiovaa Pamba

Ujumbe wa sauti wa Mzee Mirindi uliingia kwenye simu ya Laurentine siku ya Jumapili, pale Louisville, Marekani, watu wametoka ibadani na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ingali jikoni. Laurentine aliusikiliza amesimama, mwiko mkononi. Kwanza mzee alikohoa. Kisha akasalimia nyumba nzima mmoja mmoja, hata marehemu mume wa Laurentine akamtaja kwa heshima. Ndipo akasema wakwe wakaribie Buffalo Jumamosi kwa maneno ya mahari, ila maneno hayo hayataongewa ndani ya nyumba.

"Daktari alinikataza kukaakaa," ilisema sauti. "Nikikaa, sukari inapanda. Donc mimi natembeaka porini, hata kwenye theluji. Mwenye kutaka mtoto wangu, tutatembea naye. Na musikilize muzuri: mwenye atageuka njiani, posa yake imegeuka naye. Bon. Nguo, muvae matabaka matatu. Na pamba hapana! Pamba inauaka."

Laurentine akaurudia ujumbe mara ya pili. Kwao Butembo, pamba aliyoizoea ni ile ya kuziba pua za maiti, kwa hiyo maneno hayo yalimpanda mgongoni kama sisimizi. Lakini lililomtisha zaidi lilikuwa lile la kugeuka. Mwanawe Paluku alikwisha kuposa mara moja, na posa ikavunjika kwa sababu msemaji wao alifanya mzaha juu ya masikio ya baba wa binti. Safari hii Paluku alikuwa amempata Aksanti, binti wa Mzee Mirindi, na alikuwa amemwambia mama yake, bila hasira, kwamba hii nayo ikivunjika hataposa tena mpaka anazikwa.

Msemaji alikuwa ni yule yule. Masumbuko, shemeji yake Laurentine, hakuwa na wa kumrithi katika ukoo, kwani wengine wote walibaki Kongo. Alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, na macho yake yalizoea kusoma maandishi madogo. Basi nguo zote za nyumba zikamwagwa kwenye kochi, na yeye akavaa miwani na kuanza kusoma lebo za shingoni.

Akaanza na vitenge vipya, vile vyenye picha za ndege wa bluu, walivyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo.

"Hiki ni pamba mia kwa mia," alisema, akakiweka pembeni kwa vidole viwili. "Kinaua mia kwa mia."

"Na jinzi ya Paluku?"

"Tisini na nane. Mutu anabakia na mbili za kuponea."

"Soksi?"

"Sitini. Hapo hufi, lakini utalemaa."

Mkono wake ukaenda kwenye rundo la nguo za ndani. Laurentine akamrukia. "Shemeji! Hizo usisome!"

"Naokoa maisha yako, mama Paluku."

"Niache nife!"

Mwishowe kilichobaki kilikuwa kidogo. Ilibaki suti ya Masumbuko aliyoinunua Kampala, inayong'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, ambayo kanisa zima lilikuwa linaicheka. Zikabaki jezi za mpira. Na yakabaki majoho ya kwaya, ya zambarau yenye ukosi wa dhahabu, ambayo Laurentine ndiye aliyekuwa akiyatunza na kuyapiga pasi. Yote poliesta tupu.

Paluku alikuwa amemuuliza Mmarekani mmoja kazini juu ya matabaka hayo. Akawaeleza: la kwanza linaondoa jasho mwilini, la pili linashika joto, la tatu linashindana na upepo.

"La kwanza ni jezi," akasema Masumbuko. "Jezi na jasho ni ndugu. La tatu ni joho. La pili je?"

La pili hawakuwa nalo; suti ilikuwa moja tu, tena nyepesi. Ijumaa wakapanda gari, wakashika barabara ya kaskazini wakiwa na matabaka mawili.

Waliingia Reynoldsburg, karibu na Columbus, kwa Patricia, mtoto wa mdogo wake Laurentine, aliyekuwa muuzaji katika duka la nguo. Patricia aliwapa wali na maharage, akasikiliza shida yao, akaenda chumbani, akarudi amekumbatia mzigo wa manyoya.

"Mama mukubwa, haya yalibakia kisha Krismasi. Hakuna mutu alitaka. Ni ya kulalia, yana joto kama tanuri. Soma lebo."

Masumbuko akasoma. Poliesta mia kwa mia. Ndipo wakayakunjua. Yalikuwa mavazi ya kipande kimoja, kutoka kisogoni mpaka kifundo cha mguu, na zipu moja ndefu mbele. Moja lilikuwa sungura, moja dubu, moja ng'ombe. Kila moja na masikio yake na mkia wake.



"Dubu ni langu," alisema Paluku haraka.

Laurentine akachukua sungura, maana alijua asipochukua atapewa ng'ombe. Masumbuko akabaki amelishika lile la mwisho, lenye mabaka meusi na meupe.

"Wale ni wa kabila la Washi," alinong'ona. "Mahari yao ni ng'ombe. Sisi tunakwenda kuwaomba wapokee mbuzi. Sasa mimi nifike kwao nimevaa ng'ombe?"

"Utakunja masikio ndani ya joho," akasema Laurentine.

"Na mkia?"

"Mkia utatembea nao nyuma. Wao watakuwa mbele."

"Na mutu akibanwa na haja? Joho, zipu, jezi..."

"Asibanwe," akajibu Patricia, na hilo likaisha. Akawapa na mifuko ya mkate ya plastiki ya kuvaa juu ya soksi ndani ya buti, maji yasiingie, akamnyang'anya Masumbuko viatu vyake vya ncha kali na kumpa buti. "Baba Masumbuko, hivi unataka kuchomea mishikaki ya theluji?"

Jumamosi asubuhi waliegesha gari mahali ambapo njia ya porini inaanzia, nje kidogo ya Buffalo. Miti ilikuwa imebeba theluji mpaka matawi yameinama. Walishuka mmoja mmoja, wanene, wa zambarau, wakitembea kama watu waliovaa magodoro, na mifuko ya mkate ikilia ndani ya buti.

Mzee Mirindi alikwisha kufika na watu wake wawili kutoka mtaa wa Black Rock. Laurentine alipowaona, alilitazama joho lake. Walikuwa wamevaa vitenge. Mzee alikuwa na shati la kitenge na suruali ya kitenge, vimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na miguuni amefunga vile viatu vipana vya kukanyagia theluji, mfano wa nyungo mbili. Mkewe, Kostansia, alikuwa na gauni pana la kitenge, na chini yake lilionekana limejificha koti zima la kazini. Aksanti alisimama nyuma yao ndani ya jaketi lake la shule, akiangalia chini.

"Mukwe wangu," alisema Laurentine taratibu, "si ulituambia pamba inaua?"

Mzee akamtazama mkewe. "Nilisema."

"Wakwe hawapokelewi na nailoni," alisema Kostansia. "Niliolewa na mutu wa heshima, siyo mwavuli."

Wakaanza kutembea. Masumbuko akafungua maneno kwa sauti ya msemaji: kwamba wao ni wasafiri, kwamba wameona ua katika boma hili, kwamba harufu yake imewafikia mpaka Louisville. Alisema vizuri kweli. Lakini kila tawi walilopita lilimwagia Mzee Mirindi theluji mabegani, na kitenge kikainywa kama kilivyo desturi ya pamba, kisha upepo wa ziwani ukaja ukakigandisha. Baada ya muda, mzee akiinua mkono, shati lilikuwa linalia kama ngozi kavu.

Njia ikapinda, upepo ukainua joho la Masumbuko, na mzee akamwona kwa nyuma.

"Musemaji. Uko na mkia?"

"Ni tabaka la pili, mzee."

"Wa mnyama gani?"

Laurentine akafumba macho. Hapa ndipo posa ya kwanza ilipofia.

"Wa ng'ombe," akasema Masumbuko.

Mzee akafikiri. "Mumoja?"

"Huyu ametangulia tu. Wenzake ni mbuzi, wako nyuma."

Mzee akacheka. Alicheka muda mrefu, na Laurentine, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, akagundua kwamba kicheko kilikwisha zamani na kilichobaki ni meno yanayogongana. Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mzee, umeshikwa na baridi. Twende garini."

"Mimi nilisema mwenye atageuka posa imegeuka. Mimi ni baba ya binti. Nikigeuka, nimewafukuza. Na sitalamba mate nilitema."

Aksanti akamwambia kwa Kiingereza, machozi yakimtoka, kwamba huo ni upuuzi mtupu. Paluku akavua joho lake kumfunika, mzee akalisukuma. "Nivae ya wakwe mbele ya mahari? Watu watasema nilinunuliwa na joho!"

Akasimama pale anatetemeka, hawezi kwenda, hawezi kurudi. Na Laurentine akaona jinsi mambo yatakavyokwisha: mzee mgonjwa, ukoo mzima ukisema wakwe walimletea kifo, na Paluku peke yake mpaka kaburini.

"Mzee," alisema, "ulisema mwenye atageuka. Hukusema mwenye atarudi."

"Ni kitu kimoja."

"Siyo kimoja. Niangalie." Akapiga hatua moja kinyumenyume, kisha nyingine, mkia wa sungura ukitangulia. "Pua yangu inaangalia wapi?"

Mzee akaiangalia ile pua kwa makini. "Mbele."

"Basi nani amegeuka?"

Kostansia alikwisha kupiga magoti anamfungua mumewe zile nyungo, kwa sababu zenyewe hazijui kwenda kinyumenyume. Wakashikana mikono wote sita, nyuso zikitazama pori, wakaanza kurudi. Mama mmoja Mzungu aliyekuwa na mbwa wake akawapisha, akaona majoho, akaona masikio yaliyochomoza, akainamisha kichwa kama mtu aliyekutana na maandamano ya dini.

Masumbuko hakunyamaza. Ua likarudi nalo kinyumenyume. Mzee naye akijibu kwa meno yanayogonga, na kila hatua ilivyozidi kulikaribia gari, ndivyo masharti yake yalivyozidi kulainika. Kwenye mti mkubwa alikubali mbuzi. Kwenye kibao cha njia alisema hata wakija polepole si vibaya.

Paluku ndiye aliyegonga gari kwa mgongo. Wakaingia, joto likawashwa mpaka mwisho, na mzee akaweka viganja vyake kwenye matundu ya hewa. Rangi ilipoanza kumrudia midomoni, akasema, "Bon. Nani aligeuka?"

"Hakuna, mzee," wakajibu wote.

"Hakuna." Akamtazama binti yake. "Aksanti, unakaa hapo kama mugeni? Salimia mama mukwe wako."

Laurentine alitaka kusimama amkumbatie, lakini matabaka yalikwisha kumkaba kati ya viti. Basi akapiga vigelegele pale pale alipokaa, mpaka vioo vyote vikaingia ukungu na Paluku, aliyeshika usukani, hakuona pa kutolea gari.