Imla ya Siku Kumi na Mbili

Wewe umewahi kumwona mtu anapiga pasi matambara ya kudekia? Mimi nimemwona, tena ni mjukuu wangu mwenyewe. Ilikuwa Jumapili asubuhi, amesimama kwenye meza ya jikoni, anayanyoosha moja moja na kuyakunja pembe kwa pembe kama leso za bwana harusi. Nikamuuliza matambara yanakwenda wapi mpaka yapendeze hivyo. Akasema hayaendi popote, ila mtu hawezi kuandika katika nyumba yenye matambara yaliyokunjamana. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Huyu mjukuu nyumbani tunamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu ajue kutembea hajawahi kutulia. Alipokuwa mdogo alikula huku anazunguka meza, na mama yake alimfuata na kijiko nyuma. Sasa ni mtu mzima, anaandikisha wagonjwa pale mapokezi ya zahanati, na wenzake wanasema kiti chake bado kina nailoni ya dukani. Mimi na yeye, kwa utani wa bibi na mjukuu, tunaitana mke mwenza.

Kwa miaka sita Kiguu alikuwa anaandika riwaya. Anaandika, anaacha, anarudia. Mwaka huu wachapishaji fulani wakasoma nusu ya kwanza wakaipenda. Mhariri wao, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akampigia simu kumwambia kwamba mwaka huu wanatoa riwaya tatu tu. Mbili zimeshakamilika. Ya tatu itakuwa yake, ikiwa nusu iliyobaki itafika Ijumaa ya wiki ya pili, kabla ya saa sita mchana. Ikipita saa sita, nafasi anapewa mwandishi mwingine ambaye kazi yake iko kabatini inangoja, na ya Kiguu itarudi kwenye foleni, na foleni hiyo hakuna anayejua inaishia wapi. Kiguu akaomba likizo ya wiki mbili, akaja na kompyuta yake kwangu kwa sababu, alisema, kwangu kuna utulivu. Utulivu ulikuwapo mpaka alipofika yeye.

Siku mbili za kwanza alifua mapazia ambayo yalikuwa masafi. Akapanga makopo yangu ya jikoni kwa urefu, nikashinda natafuta chumvi. Akikaa mbele ya kompyuta anakaa upande mmoja wa kiti, kama mtu aliyeitwa polisi. Anaandika mistari minne, anafuta mitano. Nikamuuliza huo wa tano anautoa wapi, hakucheka. Akaniambia kuwa akikaa, na maneno nayo yanakaa. Akiinuka yanakuja, lakini kabla hajakifikia kiti yameshapotea.

Basi siku ile ya matambara nilichomoa pasi ukutani. Nikamwambia, “Wewe tembea. Mimi nitaandika.”

Akaniangalia kama niliyesema nitarusha ndege. Sasa mimi nimeishia darasa la saba, sikatai, lakini kwenye imla darasa zima hakuna aliyenifikia. Kama hukufanya imla, ni hivi: mwalimu anasoma huku anatembea kati ya madawati, na nyinyi mnaandika kila kinachotoka mdomoni mwake, bila kuuliza, bila kuruka. Mwalimu wetu alikuwa mkali. Ukiruka neno moja unarudia ukurasa mzima. Mimi sikuruka.

Tukanunua madaftari matatu ya kurasa mia mbili na kalamu za wino wa bluu. Nikakaa mezani, mto mgongoni, miwani puani. Kiguu akaanza kutembea. Kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni ni hatua tisa, na kurudi ni nane, kwa sababu akirudi anakuwa na wazo. Ndala zake zilipiga sakafu pa, pa, pa. Zikipungua mwendo najua sentensi iko njiani. Zikinyamaza, nainua kalamu nangoja. Siku ya kwanza tuliandika kurasa kumi na mbili, na mkono wangu ukavimba hapa kwenye kidole cha kati. Kiguu akataka kunikanda, nikamwambia akande hadithi yake.

Hadithi yenyewe inamhusu mwanamke anayefua nguo za watu. Mume wake anakwenda kufanya kazi mbali, anakaa huko miaka kumi na moja, halafu siku moja anarudi. Mbegu aliiokota kwetu, hilo hakulificha. Marehemu babu yake aliondoka hivyo hivyo, akakaa miaka hiyo hiyo, na akarudi. Kiguu alikuwa hajazaliwa. Anachokijua ni kile kinachosemwa ukoo ukikutana, kwamba bibi alivumilia, babu akarudi, wakaishi raha mustarehe. Na mimi kila mwaka nilikuwa nasikia hivyo hivyo, natabasamu, napitisha sahani.

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku. Kila alasiri nilibeba kurasa mpaka kwa mchapaji wa pale kona, mwanamke mmoja ambaye vidole vyake vinakimbia bila yeye kuviangalia. Yeye anachapa, anazituma kwa mhariri, ananirudishia daftari. Kiguu hakutaka kuzisoma tena. Alisema akizigusa tu ataanza kufuta, na hapo tutarudi kwenye matambara.

Usidhani alikuwa anatembea na furaha. Kila siku ilikuwa na saa yake ya kukata tamaa, na hiyo ya Alhamisi ya kwanza ilikuwa mbaya. Alisimama akasema anaacha. Atampigia mhariri, nafasi wampe huyo wa kabatini, yeye arudi zahanati akaulize watu umri wao. Akavua ndala akavaa viatu vya kutokea. Mimi sikumbembeleza. Nilimwambia ampigie tu, ila kwanza anisaidie jambo moja: yule jirani tuliyemwacha tangu jana amesimama mlangoni na ndoo ya maji, mkono haumuumi?

Kiguu akanitazama. Kicheko kikamtoka kwa pua. “Atue ndoo,” akasema, na kabla sijaweka nukta alikuwa ameshavua viatu, na jirani ametua ndoo, na maji yamemwagika, na ugomvi umeanza. Kurasa saba.

Nikaona dawa ni hiyo. Akikwama, simwambii jipe moyo, maana moyo hauji kwa kuitwa. Namuuliza kitu kidogo. Karai la huyo mwanamke lina rangi gani? Kuna kifungo gani kimekatika? Mwanzoni alilalamika kwamba natia chumvi. Baadaye akawa ananijibu bila kusimama. Siku moja tu ndiyo alisita, akaniuliza, mbona hilo karai la kijani lenye mkono uliofungwa waya ni kama lile lako. Nikamwambia karai ni karai, endelea.

Ilipofika Jumanne ya wiki ya pili tulikuwa tumemaliza. Mume amerudi, mke amefungua mlango, amechemsha maji ya kuoga, ametandika kitanda, mwisho. Kiguu akajitupa kwenye kochi, na kwa dakika kama kumi hivi nikamwona ametulia.

Jumatano saa nne mhariri akapiga simu. Kiguu akaiweka simu mezani ili na mimi nisikie. Yule mama akasema kuna mahali kwenye ukurasa wa mia mbili na tatu, kati ya mume kushuka garini na mke kufungua mlango, hakuelewa vizuri, akaomba asome. Akasoma taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba:

“Jamani, huyu mama anataka nini, mbona hasemi? Bibi, hicho kiti kina msumari, angalia nguo yako.”

Macho yakamtoka Kiguu pima. Akaniangalia mimi, mimi nikaangalia daftari. Lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, na mkato wake mahali pake. Nilikuwa nimeandika alichosema Kiguu huku anatembea. Imla ndivyo ilivyo. Na mchapaji, tulipomfuata baadaye, alijibu bila kugeuka kwamba yeye anachapa, hasahihishi.

Kiguu akaanza kuomba radhi mpaka ulimi unakwama. Mhariri akamkatiza. Alikuwa anacheka, lakini alichosema hakikuwa cha kuchekesha. Kiti na msumari vitoke. Swali lenyewe, hilo ndilo analojiuliza na yeye tangu mwanzo. Huyu mwanamke amefua nguo za watu miaka kumi na moja, amelea, amegombana na jirani kwa sababu ya ndoo, tumemzoea, tunampenda. Halafu mume anakuja, na yeye anafunguka kama kabati. “Huo mwisho siuamini,” akasema. “Nijibu swali lako. Kurasa mbili tu. Ijumaa saa sita iko pale pale.”

Hapo ndipo nilipoona mwendo. Zile hatua tisa kwa nane zilikuwa mazoezi. Kiguu alitembea Jumatano yote na Alhamisi yote, mpaka mkanda wa ndala ukakatika akaendelea peku. Mwisho wa kwanza mwanamke alilia. Nikaandika, akasikiliza nikimsomea, akachana. Mwisho wa pili alimfukuza mume na ufagio. Akachana. Wa tatu mume alikuta nyumba tupu. Wa nne Kiguu alimuua mwanamke kwa homa ya siku mbili, na huo niliuandika kwa uchungu, maana tulishazoeana. Akachana. Ilipofika Alhamisi jioni ilikuwa imeshatimia miisho saba, na sakafu yangu imejaa vipande vya karatasi, na hakuna tena aliyefikiria kufagia.

Na mimi kwenye kiti changu sikuwa mzima. Kila mume alipoufikia ule mlango, nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mwandiko wangu, ambao najivunia, ulitoka kwenye mstari. Kiguu akaona, akaniambia nipumzike, nikasingizia uzee. Haukuwa uzee. Kulikuwa na kitu kimenikaa kooni miaka arobaini na zaidi. Hakuna aliyenikataza kukisema. Ni kwamba hakuna aliyeuliza, na mume wangu hakuwa mtu mbaya, alinipenda kwa namna yake, na hicho kitu chenyewe ni kidogo, kidogo mno. Ukikisema watu watakuuliza, hicho tu?

Ijumaa nilipoamka sikusikia nyayo. Nikatoka chumbani haraka. Kiguu alikuwa amesimama dirishani, hatembei, mikono inaning'inia. Nilimwona anafua mapazia sikuogopa, nilimwona anachana karatasi sikuogopa, lakini hapo niliogopa. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu kasoro robo.

“Nimeshindwa kumjua, Bibi,” akasema. “Miaka sita nimeishi naye, na simjui.”

Nikamwambia akae. Akakaa, tena kiti kizima. Nikamsogezea daftari, nikamwekea kalamu mkononi. Mimi nikabaki nimesimama. Nilijaribu kuanza nikashindwa, nikaona miguu inataka kwenda, nikaiachia iende. Kwa miguu yangu, kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni ni hatua kumi na nne.

Nikamweleza siku ile babu yake aliporudi. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nilikuwa nimedeki, sakafu bado ina unyevu, mlango nimeuacha wazi ili ikauke. Kitanda nilikuwa nimekihamishia chini ya dirisha tangu mwaka wa tatu wa upweke wangu, kwa sababu napenda mwanga, na nilikuwa nimekaa juu yake nashona kifungo. Nikasikia viatu. Havikusimama. Vikapanda ngazi, vikaingia, vikapita juu ya sakafu yangu mbichi mpaka katikati ya chumba. Akatua mzigo mezani. Akatazama kila upande. Akauliza kuna maji ya kunywa. Nikainuka, nikampa maji, na kwa sababu nilimpa maji, yakafuata yote mengine: nikaita watoto, majirani wakaja, vigelegele vikapigwa, na jioni kitanda kikarudishwa kilipokuwa zamani. Hakuna aliyekosea. Ndivyo mtu anavyoingia kwake.

Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa jikoni. Nyuma yangu kalamu ilikuwa inakwenda, haisiti, hairuki neno. Kisha ikanyamaza.

“Na wewe,” Kiguu akauliza polepole, “ulitaka nini?”

Sikugeuka.

“Nilitaka apige hodi,” nikasema. “Apige hodi, asimame pale nje na mzigo wake, angoje mpaka mimi niseme karibu. Au nisiseme.”