Mlio wa Nyuma Kushoto

Mwalimu mstaafu alilipeleka gari la marehemu baba yake gereji Jumanne asubuhi, shati limenyooka kwa pasi utadhani anayekwenda kukaguliwa ni yeye. Gari lilikuwa la zamani, jeupe lililoanza kuwa njano, lenye springi za bapa nyuma na kiti kirefu cha ngozi kilichopasuka. Kila lilipovuka tuta, lililia nyuma kushoto.

"Linaliaje?" akauliza fundi, ambaye watu humwita Sikio kwa sababu hujua ugonjwa wa gari kabla halijazimwa.

"Kama linauliza kitu."

Sikio hakushangaa, magari mengi huuliza. Akabadilisha bushi, zile mpira za kwenye springi, mlio ukabaki. Kisha akagundua kuwa alikaza boliti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, kosa ambalo huwafokea wenzake wakilifanya. Akajifokea mwenyewe kwa sauti, akalishusha, akakaza upya likiwa limebeba uzito wake. Hapo ndipo alipoona kuwa limelala kushoto vidole viwili, na ndani hamna mtu. Akahamisha springi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Likalala kushoto vilevile.

"Basi si springi," akasema. "Kuna mzigo."

Kesho yake aliingia kwenye buti, akajikunja, akamwambia mwalimu aendeshe polepole kwenye barabara ya nyuma ya ghala, yenye matuta saba. Waliporudi alitoka akinyoosha kiuno na kujipangusa vumbi.

"Ni mtoto wa kike, mwalimu. Amekaa nyuma kushoto, dirishani. Anauliza kama mdogo wake ameshamaliza shule."

"Una hakika?"

"Matuta saba, kauliza mara saba. Ana adabu, hapigi kelele."

Mwalimu akaketi juu ya tairi bovu na shati lake la pasi. Akaeleza. Dada yake alipokuwa na miaka kumi na miwili, na yeye tisa, baba aliwapakia wote wawili kwenye gari hili. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba asome mmoja. Dada akae kwa shangazi, asaidie kazi, mpaka mdogo wake amalize shule, kisha angefuatwa. Mdogo alimaliza. Akasoma tena, akafundisha miaka thelathini na nane, akastaafu. Kila mwaka alisema ni mwaka huu. Dada amelea watoto wa shangazi, amemzika shangazi, na sasa analea wajukuu wa shangazi.

"Kamfuate basi," Sikio akasema. "Spana ya kazi hiyo mimi sina."

Jumamosi akaenda. Dada yake alitoka jikoni akifuta mikono, kichwa kimejaa mvi chini ya kitambaa. Akafungua mlango wa nyuma kushoto, akachungulia.

"Sogea kidogo, mama," akasema, akaketi.

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma mwalimu aliona vichwa viwili, kimoja cha nywele zilizosukwa, vikitazama nje kupitia dirisha lile lile. Alimpenda dada yake. Alikuwa amemkosa kila siku ya maisha yake, hata siku za furaha, hasa siku za furaha. Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba vitatu vitupu vilivyofagiliwa kila wiki.

Kwenye tuta la kwanza mtoto akauliza. Mwalimu akafungua mdomo. Lakini akisema ndiyo, ingebidi aseme pia tangu lini. Akabadilisha gia.

"Bado," dada akamjibu mtoto. "Bado kidogo. Masomo siku hizi magumu."

Mtoto akaridhika. Wakazunguka mji mzima bila mlio wowote, na dada akasifu majengo mapya. Waliporudi kwa marehemu shangazi, wajukuu wake walikuwa mlangoni wanaulizia chakula.

"Asante kwa kunitembeza, mdogo wangu."

"Tutapanga, dada."

"Haya."

Akashuka, akamtengenezea mtoto kola, akafunga mlango taratibu.

Jumatatu Sikio aliongeza bapa moja kwenye springi ya kushoto, kwa kuwa mzigo ulikuwa wa kudumu, na gari likasimama sawa. Mlio ulikuwa umerudi, lakini hakuugusa, mwalimu alimkataza. Kwa dada yake hajarudi, anasema wiki ijayo. Mkewe hulalamika kwamba anaiacha lami nzuri na kulichosha gari bure kwenye njia mbovu zenye matuta. Yeye huendesha polepole, kioo cha dirisha la nyuma kushoto kimeshushwa nusu, kwa sababu mtoto anapenda upepo.