Sukuma Wiki kwenye Njia ya Nne

Kabla ya mapambazuko nilisikia kijiko kikigonga kikombe mara moja, kisha kimya. Mwanangu Gichuki alikuwa akinikorogea chai polepole ili asiniamshe.

Asubuhi hiyo alikuwa anipeleke Soweto kwa Célestine, fundi cherehani kutoka Bukavu ninayesali naye, aliyekuwa ametoka hospitali. Nilimkatia sukuma wiki kwenye ndoo zangu za uani, mafungu manne, nikayapakata garini.

Gichuki alishika barabara kuu ili kukwepa taa za mjini, ambazo huku kusini huitwa robot, na ili anionyeshe kazi yake. Ni mhandisi, na kampuni yao ndiyo iliyochora upanuzi wa barabara ile. Zamani pembeni palikuwa na nafasi ya magari yaliyoharibika. Wao waliona imekaa bure, wakaigeuza njia ya nne.

"Mama, ilikuwa kama chumba cha wageni kisicholala mtu," akasema.

Nikamwambia changu cha Nyeri hukaa kitupu miezi kumi na mmoja, na bado sijakikodisha kwa mbuzi. Alikuwa bado anacheka gari lilipokohoa na kuzimika, papo hapo kwenye njia ya nne.

Sikuwa nimewahi kuona mtu akitafuta kwa macho kitu alichokifuta mwenyewe. Kulia malori, kushoto reli ya chuma ya kuzuia magari yasitoke barabarani. Alinivusha reli akinishika kama yai, tukasimama kwenye nyasi za baridi. Pembetatu ya tahadhari aliyoiweka ilipeperushwa na lori la kwanza. Akapiga simu ya dharura. Mwanamke mwenye adabu sana akatuomba tulisogeze gari hadi kituo cha kuegesha, kilomita moja na nusu mbele.

"Limezimika," akasema Gichuki.

"Naelewa, bwana. Basi likiwaka msikawie."

Mama wa watu alikuwa akisoma mwongozo. Gichuki aliyajua maneno hayo, kwa kuwa aliyaandika yeye.

Magari yalilikwepa letu kwa upana wa kiganja. Niliogopa lile ambalo halitakwepa, maana waliomo nao wana mama zao. Kwetu gari likifa, watu huvunja matawi wakayatandaza barabarani nyuma yake. Hapa hapakuwa na mti. Nikampa Gichuki sukuma wiki ya Célestine. Akarudi nyuma mwendo mrefu, akiwa upande wetu wa reli, akairusha njiani fungu kwa fungu.

Gari dogo liliikanyaga bila habari. Kisha lori kubwa likapunguza mwendo, likawasha taa zake zote, likasimama nyuma ya gari letu kama ukuta. Akashuka Mwadini, Mtanzania anayesafirisha shaba kutoka Lubumbashi.

"Shikamoo, bibi. Nimeona majani, nikajua mbele kuna mtu wa kwetu amekwama."

Alinivika koti lake kabla hajauliza gari lina nini. Alikaa nasi saa nzima, mpaka gari la kuvuta lilipofika. Muda wote huo ubao wa taa juu yetu ulitutakia safari njema.

Kwa Célestine tulifika kwa teksi, tukaingia mikono mitupu. Gichuki alimsimulia mwenyewe, akasema Jumatatu atawaambia wakubwa wake chumba cha wageni kirudishwe. Nikamkumbusha kwamba hadi hapo kila dereva atahitaji bustani. Célestine alicheka akishikilia mshono wa tumbo, na tulipoondoka akatusindikiza hadi mlangoni ingawa daktari alimkataza.

"Kule kwa ma-robot, gari ikikufa watu wanaisukuma," akamwambia Gichuki. Kisha akanishika mkono. "Mupite kule, Mama, na urudi tena kunitembelea."