Gauni la Mama Bertila

Herieth alijua tangu Alhamisi jioni. Hilo lijulikane mapema, asije mtu akamtetea huko mbele eti alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa dukani Yide Lu, mtaa wa midoli huko China, anachagua midoli ya kujazia nafasi kwenye kontena, simu ikaita. Alikuwa Eliakimu, kaka yake Bertila, anapiga kutoka Marangu huku analia.

“Dada Herieth, mama ametutoka. Usimwambie Bertila ghafla, yuko peke yake huko. Kaa naye, mwambie taratibu, halafu atuambie anakuja lini. Tutamsubiri hata wiki nzima.”

Ndivyo tufanyavyo kwetu. Mtu aliye mbali hapigiwi simu akaambiwa kavukavu kwamba mama yake amekufa. Anatafutwa mtu mzima wa kumkalisha chini na kumshika mkono. Ni utaratibu wenye huruma, ila wote unamtegemea huyo mtu mzima.

Na mtu mzima mwenyewe alikuwa na kontena la kupakia Jumatatu. Yeye na Bertila walilichangia, la nguo za watoto za Krismasi. Nusu ya nguo hizo zilikuwa kwa bosi mmoja wa kiwanda, mzee mbishi ambaye hatoi mzigo mpaka amwone Bertila kwa macho yake. Walizoeana miaka sita, na Bertila alikuwa akimtania kwa Kichina mpaka mzee anacheka. Bertila akipanda ndege, mzigo hautoki, meli inaondoka bandari ya Nansha bila mzigo wao, nguo zinafika Dar Januari. Na nani anamnunulia mtoto gauni la Krismasi Januari?

Basi Ijumaa asubuhi Herieth akapiga simu Marangu.

“Nimeshamwambia, kaka. Amelia, maskini, mpaka nimeogopa. Anasema mzikeni tu, mzigo umembana.”

“Bertila kasema hivyo?”

“Kasema hivyo. Na hataki kuongea na mtu kwa sasa.”

“Haya. Tutazika kesho saa nane.”

Mwanamke aliyasema hayo bila hata kukohoa, kisha akanywa chai yake. Mungu anaona mengi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumficha Bertila, nayo ilikuwa rahisi. WhatsApp imefungwa China, na VPN, programu ya kumfungulia, ilikuwa imeisha tangu Jumatano, na anayemwekea siku zote ni Herieth. “Nitakuwekea Jumatatu, shoga, mtandao unasumbua,” alimwambia. Lakini Watanzania wengine wangeweza kusikia, wakaja kutoa pole. Ndipo Herieth, mtu ambaye hajawahi kumnunulia mwenzake hata andazi, akasema, “Hebu twende shamba tukapumzike. Conghua kuna maji ya moto yanatoka ardhini. Nalipa mimi.”

“Wewe? Leo jua limetokea wapi?” Bertila alicheka mpaka akashika mbavu.

Jua lenyewe halikuwepo. Kimbunga kilikuwa kimepita baharini, na mkia wake ulinyesha Conghua yote, Ijumaa mpaka Jumamosi, mvua nyembamba isiyochoka. Nyumba ya wageni ilikuwa chini ya kilima, katikati ya michungwa. Mama mwenye nyumba aliwaletea supu ya kuku na tangawizi. Bertila aliufurahia kila ujinga: matope, bata wanaovuka njia, chura aliyeingia bafuni. Alinunua matunda ya persimoni yaliyokaushwa, akasema ni laini, mama asiye na meno atayaweza.

“Jumatano nikitua tu KIA, naenda moja kwa moja kwa mama,” alisema. “Safari hii nina agizo lake.”

Herieth aliangalia dirishani. Kila akitazama saa alikuwa akitoa saa tano za tofauti kichwani, ajue huko nyumbani wamefika wapi. Wamechimba. Wameutoa mwili. Wanapika.

Saa moja kasoro jioni walikuwa wametoka kuoga, miili inafuka mvuke. Bertila akafungua begi lake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni, akakikunjua kitandani. Gauni jeupe la mikono mirefu, kola ya lesi, soksi nyeupe na glovu.

“Mama aliniagiza mwenyewe. Alisema, ‘Bertila, usiache wakanizika na kanga. Niletee gauni la huko China, na univike wewe, si mtu mwingine.’ Nimeahidi. Nimelichukua kwa fundi jana kabla ya kuja huku, siwezi kuliacha chumbani likachafuka.” Akamwangalia Herieth juu mpaka chini. “Wewe na mama mna mwili mmoja. Hebu livae nione mabega.”

“Aka! Mimi? Nguo ya maziko?”

“Mama yu hai bwana, ni nguo tu! Mbona unaogopa? Vaa, nisije nikampelekea linalombana.”

Angekataaje? Angesema nini? Herieth alivaa. Lesi ilimkwaruza shingoni. Bertila alimzunguka akivuta hapa, akinyoosha pale, akamvisha na glovu. Ukutani saa ilionyesha saa moja kamili. Marangu ilikuwa saa nane, na Herieth alijua kinachoteremshwa shimoni. Hata wakati ule angeweza kusema. Hakusema.

“Tabasamu!” Bertila akampiga picha. “Limekukaa, we! Mama atapendeza.”

Jumatatu Bertila alimtania bosi wa kiwanda, mzigo ukatoka wote. Kontena likajazwa, likafungwa lakiri, lori likaondoka kwenda Nansha. Hapo ndipo Herieth alipowapigia Watanzania wenzao kwamba Bertila kafiwa na anajua tangu Ijumaa, akawafungulia chumba chake wampe pole.

Bertila alirudi chumbani kwake akiwa amebeba persimoni zake. Mlangoni akakuta viatu, jozi kama kumi. Alisimama. Mtu wa kwetu akikuta viatu mlangoni kwake na ndani kimya, haulizi kuna nini, anajua ni msiba.

“Ni mama?”

Mzee Wilbard, mkubwa wa wafanyabiashara wetu, alimshika mkono akampa pole ya mama. Bertila alianguka, akalia, kisha akanyanyuka ghafla. “Nikatieni tiketi ya leo. Wanisubiri. Nguo yake ninayo.”

Watu walitazamana. Teddy, rafiki yao, alimpigia Eliakimu, akampa Bertila simu, na sauti ikasikika chumba kizima.

“Tumeshazika Jumamosi, Bertila. Wewe si ulisema tuzike, mzigo umekubana? Gauni lake halikuja. Tumemvika la mke wangu.” Akakata.

Bertila aligeuka taratibu. Herieth alikuwa amejiandaa. Alimkumbatia, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti ya wote kusikia, “Dada yangu, mshtuko umekusahaulisha. Si nilikwambia Ijumaa? Si tulilia wote, nikakupeleka maji ya moto upumzike?”

Na unajua watu. Walianza kumwangalia Bertila kwa jicho la pembeni, yule aliyeacha kumzika mama akaenda kuoga maji ya moto. Mwanamke mmoja aliguna.

Bertila alitoa simu, akatafuta kidogo, akampa Mzee Wilbard. Picha ilikuwa ya Jumamosi, saa moja na dakika mbili jioni. Herieth ndani ya gauni jeupe, na glovu, na tabasamu.

“Mzee, ningekuwa nimeambiwa Ijumaa, Jumamosi ningemvisha huyu gauni la mama la kuzikwa nalo, nimpige na picha anacheka?”

Simu ilipita mkono kwa mkono mpaka wa mwisho. Hakuna aliyeguna tena. Mzee Wilbard alivuta kiti chake, akakaa mbali na Herieth.

Bertila alifungua begi, akatoa gauni, akalikunja vizuri na soksi na glovu juu yake, akaliweka mapajani mwa Herieth.

“Chukua,” alisema. “Mwenyewe kashazikwa na la kuazima. Hili limekukaa wewe.”