Jike wa Chumba cha Kushonea

Jamani! Ndugu wawili waliolala wamekumbatiana miaka minne, leo wametoana damu mbele ya macho yangu!

Nawasema chinchila wa mume wangu, Bonge na Kijiti. Chinchila ni mnyama mdogo kuliko sungura, manyoya laini ajabu, masikio kama ya panya. Mume wangu ni fundi saa, mtu wa maneno ya kuhesabu, lakini akirudi kazini salamu ya kwanza ni ya hao, mimi baadaye. Nilishazoea. Kuna madume wasioweza kukaa kizimba kimoja hata siku mbili, na wakishagombana vibaya ndiyo basi tena. Hawa wake walikuwa wanakula pamoja na kuchanana manyoya, na yeye alijivunia hilo kuliko saa zote alizowahi kufufua.

Wiki iliyopita mdogo wangu, muuguzi, akapelekwa mafunzoni, akaniletea chinchila wake jike nimtunzie. Mume wangu akaruka.

"Mama watoto, jike humu ndani? Wakimnusa tu watageukiana."

"Baba watoto, tulia. Kwani mimi mtoto?"

Nikamweka jike chumba cha kushonea, mwisho wa korido. Mlango nikaufunga kwa ufunguo, chini nikaziba kwa taulo. Kila nikitoka nanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mume wangu mwenyewe akitaka kifungo kishonwe, anabisha hodi kama mgeni. Nikajiona bingwa!

Leo asubuhi nikafanya usafi. Chinchila hawaogi maji, wanagaagaa kwenye vumbi laini la kununua. Na mimi, kumwaga kitu kilichotumika mara moja tu, roho inaniuma. Jike alipomaliza kuoga, nikalibeba beseni lake la vumbi nikawawekea wale ndugu, nikaenda zangu kuanika nguo.

Sijabana hata shati la pili nikasikia ukelele. Mungu wangu! Nilidhani ni mtoto wa jirani. Kufika, kizimba kizima ni manyoya yanaelea, Bonge kampanda Kijiti, meno kayazamisha sikioni. Nikapiga kelele, nikachukua rula yangu ya mbao nikaisukuma katikati yao. Wapi! Mume wangu akaja mbio, kandambili mguu mmoja, akavua shati, akamfunika Kijiti na kumtoa. Shati likalowa damu. Akatoka vilevile na fulana, kwenda kwa daktari wa mifugo.

Nikabaki nimeshika rula. Nikamlaani yule jike, nikamlaani mdogo wangu na mafunzo yake.

Mume wangu amerudi mchana. Kijiti yuko ndani ya boksi, sikio moja hana, jicho limevimba. Amekaa kitini, boksi mapajani.

"Atapona," akasema. "Lakini kuwarudisha pamoja, daktari amesema nisahau. Siku nikijaribu, mmoja atakufa."

"Ameniuliza sana. Labda harufu ya jike imewafikia kwa kitu fulani. Chombo, kitambaa, vumbi la kuogea. Nikamwambia daktari, kwa mke wangu? Haiwezekani. Nimemwapia kabisa. Nikamwambia wewe ndiye uliyeziba mpaka chini ya mlango." Akafuta macho kwa kiganja. "Nadhani ni mimi. Juzi nilipoleta shati lishonwe kifungo, niliingia mpaka ndani. Ni mimi niliyewaponza."

Vumbi! Ningeweza kunyamaza, nasema kweli. Yeye alikuwa ameshaubeba mzigo, na nusu ya ulimi wangu ilitaka kumwachia.

"Baba watoto," nikasema, "beseni lilikuwa moja."

Aliniangalia kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Lakini nimeapa," akasema.