Kizimba cha Kuri

Mbwa hachafui mahali anapolala. Hayo aliniambia muuza mbwa wa pale mjini Tsuyama, akipaza sauti kana kwamba nimekufa masikio, nami nina miaka sabini na tisa tu. Mfungie kwenye kizimba, akasema, kidogo cha kumtosha kugeuka na kujinyoosha. Kila baada ya saa mbili mtoe, mpeleke bustanini, akikojoa msifu, kisha mrudishe. Ukikuta kachafua nyumba, kosa ni lako, umechelewa kumtoa.

Nilichukua kidume kimoja chekundu, nikakiita Kuri. Mwanangu Noriyuki alipopata habari alinipigia kutoka Osaka akiwa amefura. Mwezi wa nne nilikuwa nimesahau birika jikoni mpaka likaungua, na tangu siku hiyo amekuwa akinitumia picha za nyumba moja ya wazee yenye bustani na wauguzi wanaotabasamu. Tulikubaliana nibaki kwangu, ila akiona dalili nyingine moja, moja tu, nitafungasha. Sasa hili la mbwa likamchoma.

"Mama, wewe mwenyewe unahitaji mtu wa kukuangalia," alisema. "Halafu unaenda kujitafutia mtoto?"

Nikamwambia nililea watatu, na mbwa hatanishinda.

Kuri alilia siku tatu mfululizo. Sikumhurumia, maana huruma ya siku tatu huzaa usumbufu wa miaka kumi. Nilifunika kizimba kwa kimono kuukuu cha marehemu mume wangu, nikatega saa ya jikoni ilie kila baada ya saa mbili, na ilipolia tulitoka, mvua au jua. Baada ya wiki moja nikisema "Nyumbani!" aliingia mwenyewe na kujikunja humo. Siku ya kumi hakukuwa na tone hata moja ndani. Nilijiona fundi.

Siku ya kumi na mbili, niliamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta tatami, mkeka wa sakafuni, imeloa, katika chumba kile chenye madhabahu ya kumkumbuka mume wangu. Nilimtoa Kuri, nikamwonyesha, nikamkaripia mpaka akalala kifudifudi na masikio yake yakashuka. Nilidhani sikufunga komeo vizuri, kwamba alitoka, akafanya vyake, akarudi. Siku mbili baadaye ikawa vilevile. Mbwa wa miezi mitatu anayejifungulia na kujifungia! Niliona ananichezea shere.

Basi nikachukua kamba. Nilifunga komeo kwa fundo alilonifundisha mama yangu, ambalo halifunguki bila kucha za binadamu, kisha nikajilaza. Nilipoamka nyenje walikuwa wamenyamaza nje na chumba kilikuwa kimya kupita kiasi. Tatami ilikuwa imeloa. Kamba ilikuwa vilevile nilivyoifunga. Kuri alikuwa ndani, mkavu, amekaa ananitazama.

Nilipoinama kufuta, pindo la nguo yangu likaninatia mguuni, limeloa, baridi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami changu kilikuwa nguoni kwelikweli.

Niliogopa. Mkojo haukunitisha, nimefua mikojo maisha yangu yote. Kilichonitisha ni zile hatua tano kutoka kwenye godoro langu mpaka pale, ambazo miguu yangu ilizitembea bila kunishirikisha. Nilijiuliza imeshatembea wapi kwingine. Nikaenda kukagua jiko, nikafungua hata kabati la viatu, sijui nilikuwa natafuta nini. Kisha nikamtoa Kuri na kumwomba radhi kwa yale makaripio, naye akanilamba vidole kama kawaida yake.

Tangu siku hiyo saa ilikuwa yetu sote wawili. Ikilia, Kuri anaenda bustanini, mimi naenda chooni. Sikumwambia mtu. Mchana nilikuwa naketi wima nisisinzie, lakini joto la mwezi wa saba halina adabu.

Jumamosi Noriyuki alikuja bila kunipa taarifa. Sikumsikia akiingia. Niliamshwa na sauti yake, amesimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba, soksi imeloa chapachapa. Alinitazama mimi, akatazama tatami, akatazama kizimba, ambamo Kuri alikuwa amelala na komeo limefungwa. Mwenye macho angeona. Mwanangu aliona kile alichoweza kukibeba siku hiyo.

"Ni huyu?" aliuliza.

Alikuwa amenifungulia njia, nami nikapita. "Ndiye," nikasema. "Amenishinda."

Alishusha pumzi. Alisema bora mbwa aondoke kuliko mimi, kwamba atamrudisha dukani siku hiyohiyo na tutasahau. Aliyestahili kupanda kizimbani hakuwa yule aliyekuwamo, na nililijua hilo nikiwa nimesimama mlangoni mikono imekunjwa. Noriyuki alibeba kizimba mpaka kwenye gari. Kuri hakulia hata kidogo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba akiwa humo ndani hakuna baya litakalompata.

Jumatano mwanangu akapiga simu. Duka lilikataa kumpokea mbwa aliyekwisha kununuliwa, kwa hiyo alikuwa naye kwake Osaka, ghorofa ya nane. Niliuliza kama anakula. Akasema anakula.

"Mama, hajakojoa ndani hata mara moja," alisema. "Leo siku ya nne. Anangoja mlangoni mpaka atolewe. Ukimwambia nyumbani, anaingia mwenyewe. Mke wangu anasema hajawahi kuona mbwa aliyefunzwa hivi."

Moyo wangu ulijaa. Sitadanganya, nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima.

"Nilimfunza vizuri," nikasema. "Hata kizimba kikiwa wazi, yule hawezi kuchafua."

Nilisikia maneno yangu yakifika Osaka. Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Basi, Mama," alisema hatimaye, taratibu. "Jumamosi tutakuja, mimi na mke wangu. Anza kukunja nguo."