Wimbo Ulioombwa na Shimo la Tatu

Saa nane mchana Sumie alikuwa akipangusa santuri simu ilipolia. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za baa, saluni na migahawa ya mji ule wa makaa ya mawe, kuuliza jina la mahali, kisha kuweka wimbo ulioombwa, upite kwenye waya hadi sehemu hizo zote.

"Shimo la tatu hapa," mpigaji alisema. "Tuwekee ule wimbo wa tamthilia ya kivuko, ile ya televisheni."

Ilikuwa sauti ya mumewe, Tatsuo. Yeye na wenzake kumi na wanane walikuwa chini tangu Oktoba, moto ulipozuka mgodini. Siku ya sita kampuni iliwaita wake zao wagonge mihuri kwenye karatasi za kukubali maji ya mto yaelekezwe shimoni kuzima moto. Waliambiwa hakuna aliye hai. Sumie aligonga wake.

Sheria ya kazi ilikataza kuzungumza na wateja mambo ya nyumbani. Aliandika "Shimo la tatu", akaweka wimbo. Asubuhi aliendelea kuweka wali mbele ya picha ya Tatsuo, kama wafanyiwavyo marehemu, kwa kuwa Tatsuo hakusema kama huko chini wanakula.

Tamthilia ilikuwa imekwisha Desemba na watazamaji wachache, na santuri yake ilidoda madukani. Sasa wachimbaji walipiga simu kwa zamu, wote wakiomba wimbo uleule. Mwenye saluni alilalamika.

"Dada, mwambie mumeo atupishe na sisi tunaopumua. Wateja wangu wanatiwa dawa ya nywele huku wanalia."

Wiki iliyofuata mwenye saluni aliuomba yeye mwenyewe. Machi wimbo uliingia kwenye orodha ya taifa, nafasi ya tisini na nne. Mei ulikuwa wa arobaini. Julai ulikuwa wa saba.

Sumie alitaka jambo moja tu, shimo lifunguliwe. Yeye na wajane wenzake walipeleka karatasi za maombi kwa Bwana Hiranuma, mkuu wa mgodi. Alizisoma zote, akakubali kwamba hao ni watu wake, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Baada ya siku kumi mafundi walitoboa ardhi tundu la upana wa kidole, wakashusha waya wa simu, ili wachimbaji wasihangaike kupata laini. Mwimbaji alikuja kupigwa picha kando ya tundu, akiwa na shada la maua.

Agosti wimbo ulifika kileleni. Siku hiyo Tatsuo alipopiga simu, alikohoa maji kwanza.

"Sumie, wamesema watatutoa lini?"

Msimamizi wa Sumie kazini, Mama Fusako, aligeukia dirisha.

"Wimbo umekuwa wa kwanza nchi nzima," Sumie alisema.

Alimsikia akiwaeleza wenzake, kisha makofi, mazito, ya mikono iliyo majini.

"Wanashukuru," Tatsuo alisema. "Basi tuwekee tena."

Aliweka.